Saa Tisa ya Kwetu

St Marys, Sydney
Tarehe 14 mwezi wa sita, 2025

Léocadie, mama yangu,

Mie Mushagalusa nina miaka sabini na nane. Nimezika wake wawili. Nimepita vita tatu, kipindupindu kimoja, na miaka kumi na tisa ya kambi ya Nyarugusu, ambako watu wenye vifua vipana kunizidi waliingia na hawakutoka. Daktari wa hapa aliniambia moyo wangu umechoka. Yeye amekwisha kuhamia Melbourne, moyo bado uko hapa St Marys unapiga.

Sasa ile barua yako ya tarehe mbili. Ketsia, mtoto wa kaka yako, aliikuza kwenye simu, nikaisoma mwenyewe, neno kwa neno, na kidole. Unasema una mimba ya wiki nane, unataka kuitoa, unaomba neno la baba yako. Nilikaa siku kumi na mbili bila kujibu. Usifikiri niliugua. Nilinyamaza makusudi. Nilisema, acha apate nafasi ya kufikiri.

Neno langu ni hapana. Watoto wanne si wengi. Mama yangu, ambaye jina lake umelibeba, alizaa kumi na mmoja, na kila mara wiki ya pili ilimkuta shambani. Tena unalalamika kwamba serikali ya huko Amerika inamlazimisha mwanamke angoje siku tatu kwanza. Mie ninaipongeza! Kungoja kumemwua nani? Ndege ya Australia niliingoja miaka kumi na tisa, na jino linauma. Hakuna mtu anayeweza kunifundisha kungoja. Ngoja na wewe. Hata miezi tisa ni kitu gani?

Usipige simu. Unajua sikio la kushoto lilikufa, na la kulia linasikia linachotaka. Andika. Mie niliyejifunza kuandika na miaka sitini na moja, chini ya turubai, nikawashinda vijana, sishindwi kusoma barua ya mtoto wangu.

Mushagalusa, baba yako, kapita, msimamizi wa kengele ya shamba la chai


Greensboro
Tarehe 15 mwezi wa sita, 2025

Papa,

Ninakusalimia. Ninaandika nimesimama jikoni, watoto wako kanisani na Blaise.

Zile siku kumi na mbili sikuwa ninafikiri. Nilimaliza kufikiri kabla ya kukuandikia. Nilikuwa ninakungoja wewe, kwa sababu kwetu mtoto wa kike hafanyi jambo zito bila neno la baba yake. Blaise aliniambia, “Mwandikie, lakini ujue muzee atakununia.” Mume wangu anakujua kuliko ninavyokujua mimi.

Sasa nikuambie tulichokuficha. Nilipomzaa Falone, miaka minne iliyopita, tulikuambia nimelazwa na malaria. Papa, malaria gani Amerika? Wewe uliyepita vita tatu hukuuliza. Ilikuwa kifafa cha mimba. Nilianguka hapa hapa jikoni, nikauma ulimi, na mtoto wangu nilimwona siku ya nne, hata jina lake nilikuwa nimelisahau. Kutoka siku ile presha haijashuka. Daktari alimwambia Blaise mbele yangu: mwingine atamzika mama yake. Dawa ya kuzuia mimba nilimeza kila siku. Ilishindwa tu.

Niliuliza kliniki kama hatari hiyo haitoshi wanipokee mara moja. Wanasema hatari yangu bado haijafika. Ikifika, nikimbie hospitali. Papa, niliyesahau jina la mtoto wangu siku nne, eti hatari haijafika.

Sheria ya jimbo hili la Karolina ya Kaskazini ni hivi. Unakwenda kwanza wakusomee karatasi. Halafu unarudi nyumbani, unamaliza saa sabini na mbili, ndiyo unarudi tena. Na ukipita wiki kumi na mbili, mlango umefungwa. Kliniki iko mji mwingine, saa nzima kwa gari, na daktari hayuko kila siku. Leo ninakaribia wiki kumi.

Siombi ruhusa tena. Ninaomba neno lako, nisiende kama mtu aliyelaaniwa.

Léocadie


St Marys
Tarehe 17 mwezi wa sita, 2025

Léocadie, mama yangu,

Malaria! Mlinidanganya na malaria, mie niliyewauguza watoto saba na malaria! Na mie nikaenda kanisani kukuombea ushinde mbu wa Amerika. Watu wakasema amina. Nikikumbuka natamani kupiga kitu.

Ile barua yangu ya kwanza uichane. Ketsia aliniambia niandike “samahani”. Nimeliandika, hilo hapo nyuma, lihesabu.

Nimekwisha kumuuliza Apondi. Huyu ni muuguzi Mkenya, anatoka Lidcombe kila Jumatatu kuja kunifunga kidonda cha mguu. Nikamuuliza, hapa Sydney mwanamke anangojeshwa siku ngapi?

Akasema, “Mzee, hapa sheria haina siku za kungoja. Ni yeye na daktari wake. Ukingoja, umengoja foleni.”

Nikamwambia, “Wewe unadanganya mzee. Serikali gani haina siku za kungoja? Hata kadi ya basi nilingoja wiki mbili.”

“Kadi ya basi, ndiyo,” akasema. “Hii hapana.”

“Basi mtoto wangu angekuwa hapa?”

“Angekuwa ameshamaliza, mzee. Inua mguu.”

Nikainua mguu.

Nani hao waliokaa mezani wakakata siku tatu za tumbo la mtu? Makarani wa matumbo! Karani wa kambi naye alikuwa hivyo. “Faili yako inasubiri, rudi Alhamisi.” Ukirudi Alhamisi, amekwenda mazishini. Nilijisifu kwako kwamba najua kungoja. Lakini faili haiui mtu, Léocadie. Faili haikui kila siku.

Neno langu ni nenda. Nimetia maji kinywani nikayapuliza kizingitini upande wa Amerika, kukubariki kama baba yangu alivyonipulizia. Ketsia anasema Amerika iko upande wa pili. Nikapuliza na huko.

Habari ya gari usihangaike. Bruno yuko huko Greensboro, yule kijana niliyemfundisha kusoma saa kule Nyarugusu. Mie nina watu hata Amerika. Nipe siku na saa tu, mengine niachie.

Mushagalusa


Greensboro
Tarehe 24 mwezi wa sita, 2025

Papa,

Maji yako yamefika. Nimelala usingizi siku mbili mfululizo.

Leo ndiyo nimepata nafasi ya mara ya kwanza, kabla ya leo walikuwa wamejaa. Blaise aliomba ruhusa akanipeleka. Daktari alinisomea karatasi, mkalimani kwenye simu akaigeuza Kiswahili. Daktari alisoma macho yake yako mezani, kama mtoto anayesomeshwa barua ya matusi. Nikamwambia, “Nimeelewa, mama.” Akajibu, “Najua umeelewa. Lazima nisome mpaka mwisho.” Kitanda kilikuwa nyuma yake, Papa. Dawa ilikuwa kabatini, naye mwenyewe alikuwa hapo amevaa koti lake jeupe. Halafu akaniambia nirudi nyumbani nikafikiri.

Randevu ya pili ni Ijumaa tarehe 27, saa 9. Ni ya mwisho. Daktari akiondoka Ijumaa harudi mpaka Jumanne, na Jumatatu ninatimiza wiki kumi na mbili.

Blaise hawezi tena. Kiwanda cha kuku kimemwambia akikosa siku nyingine mwezi huu asirudi, na gari anaondoka nalo alfajiri. Mwambie Bruno wako. Mimi ninamwonea haya, hata sijui nianze na neno gani. Wakubwa watatu watakuwa masomo ya likizo kanisani, Falone tutamwacha kwa mke wa Bruno tukipita.

Léocadie


St Marys
Tarehe 25 mwezi wa sita, 2025

Bruno, mwanangu,

Ni mie, mwalimu wako. Nasikia sasa unaendesha gari kubwa kuliko nyumba tuliyokaa kambini. Mungu akuzidishie, lakini usisahau aliyekuonyesha mshale mrefu na mshale mfupi.

Nina kazi moja. Ijumaa hii tarehe 27 umpeleke binti yangu Léocadie kliniki, mji wa pili, anwani Ketsia anakutumia. Awe pale saa tisa kamili. Kwa hiyo wewe uwe mlangoni kwake saa nane. Si saa nane na dakika moja. Mie nilipiga kengele ya shamba la chai miaka kumi na minne, asubuhi na mchana, na mzungu mwenye shamba alirekebisha saa yake kwa kengele yangu. Sijapata kukosea saa hata siku moja.

Usimpigie simu, ni mambo ya mwanamke, ana haya. Usimuulize kitu. Fika tu.

Mushagalusa


Greensboro
Tarehe 25 mwezi wa sita, 2025

Mwalimu,

Nimeelewa, saa tisa. Nimebadilishana shifti na mwenzangu, natoka depo saa saba. Nitavaa viatu vya kanisani nisimwaibishe dada.

Bruno


Greensboro
Tarehe 28 mwezi wa sita, 2025

Papa,

Jana nilisimama mlangoni kutoka saa moja ya asubuhi. Falone alikuwa na mkoba wake mgongoni, anauliza kila gari, “Ni yeye?” Ikafika saa mbili. Nikampigia Bruno. Nilimpigia mara kumi na moja. Simu yake ilikuwa imefungiwa kwenye sanduku, depo hawaruhusu simu ndani. Ya Blaise vilevile. Nikaita teksi. Ya kwanza ilipoona mtoto hana kiti chake ikaondoka, na ya pili ikafanya hivyo hivyo. Jirani zangu wote wawili walikuwa kazini, sikuwa na wa kumwachia.

Nikapigia kliniki. Wakasema nikifika kabla ya saa sita mchana watanipokea, baada ya hapo daktari anakwenda uwanja wa ndege.

Bruno alifika saa nane ya mchana kasoro dakika tano. Ana viatu vinang’aa. Akashuka anacheka, “Dada Léo, twende, nimefika dakika tano kabla!” Nilimwangalia, nikadhani ananicheka mimi. Halafu akanionyesha barua yako.

Papa, mimi niliandika 9 kama ilivyo kwenye karatasi yao. Tisa yao ya asubuhi, ile ambayo kwetu ni saa tatu. Wewe ukasoma tisa ya kwetu, ya mchana. Ukaiandika kwa herufi, ukaipigia mstari.

Tulikwenda hata hivyo. Bruno aliendesha analia. Mwanamke wa mapokezi alitoka nje akanishika mikono, akasema sheria haimruhusu kufanya lolote Jumanne, Jumanne nitakuwa nimepita kwa siku moja. Siku moja, Papa. Akanipa karatasi ya jimbo la pili, Virginia. Kule hakuna siku tatu. Lakini nafasi ni tarehe 3, na mwendo ni mrefu.

Presha jana usiku ilikuwa mia moja sabini na kidogo. Blaise hanisemeshi. Hasira yake si juu yangu, ni juu ya aliye Australia.

Usinitumie maji mengine kwa sasa.

Léocadie


St Marys
Tarehe 29 mwezi wa sita, 2025

Léocadie,

Hii ni karatasi ya nne. Ya kwanza niliandika kwamba kosa ni la Bruno. Ketsia akakataa kuipiga picha. Mtoto wa miaka kumi na tisa, anayenijibu Kiingereza nikimsalimia Kiswahili, safari hii akasema Kiswahili safi: “Babu, huu ni uongo, mimi siutumi.” Ya pili niliandika kosa ni lako, uliandika namba badala ya neno. Hiyo niliichana mwenyewe. Ya tatu ilikuwa ya wazungu, kwa nini wanaanza kuhesabu saa usiku wa manane kama wachawi, wakati siku inaanza jua likitoka. Hiyo ilikuwa nzuri, lakini haikukusaidia kitu.

Ni mie. Mie Mushagalusa nilikosea saa.

Nilikwenda mpaka Merrylands kwa treni, na mguu wangu huu wenye kidonda, kununua unga wa muhogo, nikasahau unga, nikakaa kwenye kiti cha duka kubwa mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia ndiyo. Hakuna mtu aliyepata kunisikia nikisema ndiyo kwa swali hilo.

Apondi amekuja leo, ingawa si Jumatatu, Ketsia alimwita. Nikamwambia, “Nimemuua mtoto wangu kwa saa.”

Akasema, “Mzee, tarehe 24 alikuwa wapi?”

“Kliniki.”

“Na daktari?”

“Alikuwepo.”

“Dawa?”

“Kabatini.”

“Basi. Hizo siku tatu ndizo zilizokupa wewe nafasi ya kukosea. Mtu akirudishwa nyumbani bila sababu, kitu chochote kinaweza kumpata njiani. Gari, mtoto, bosi, baba. Wewe ulikuwa baba.”

Halafu akasema, “Na zile siku kumi na mbili za mwanzo, mzee, hizo usimpe mtu mwingine.”

Huyu mwanamke hana adabu hata kidogo. Nilimpa chai.

Sipulizi maji. Ninangoja tarehe 3, na sijisifu kwamba najua kungoja.

Mushagalusa


Greensboro
Tarehe 7 mwezi wa saba, 2025

Papa,

Niko nyumbani. Mimi ni mzima.

Bruno alitupeleka, mimi na Blaise, ndiyo, Blaise alikosa kazi na kiwanda kimemfukuza kama kilivyoahidi. Saa ya kwenda tuliihakikisha watu watatu, na Bruno akampigia simu mwanamke wa kliniki kumuuliza, “Tisa ya kwenu au tisa ya kwetu?” Hakuelewa, lakini alicheka.

Mpaka wa jimbo ni kibao tu kando ya barabara, Papa. Hakuna mto, hakuna askari. Miti ya upande huu na ya upande ule ni ileile. Tulipokipita nikamwambia Blaise, “Hapa nimekuwa mtu mzima.”

Kule daktari aliniuliza swali moja, kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika tangu wiki ya nane, sasa niko kwenye ya kumi na tatu. Akaandika. Alipopima presha akaacha kuandika. Hawakuthubutu kunihudumia pale, wakanipeleka hospitali kwa gari la wagonjwa. Ilifanyika huko. Nililazwa siku tatu. Daktari wa hospitali akasema wiki tatu kabla ningekuwa nimerudi nyumbani jioni ile ile nikapika. Figo moja wanaiangalia. Watasema mwezi ujao.

Siku tatu zao nimezilala kitandani, na mrija mkononi.

Sikuchukii. Nimechoka tu. Falone anasema babu ajifunze saa.

Léocadie


St Marys, Sydney, Australia
Tarehe 13 mwezi wa saba, 2025

Kwa wakubwa wa Karolina ya Kaskazini mliotunga zile siku tatu,

Hamnijui. Ketsia atageuza hii Kiingereza, nimemkataza kulainisha.

Mtasema, huyu mzee ana kelele, si ni yeye aliyekosea saa? Ni kweli. Nimeandika tisa ya mchana mahali pa tisa ya asubuhi, na kabla ya hapo nilimnyima mtoto wangu neno siku kumi na mbili, nikidhani namfundisha kufikiri. Kwa hiyo nawajua ninyi. Mie ni mmoja wenu. Na mie nilisema, acha apate nafasi ya kufikiri. Nilidhani mwanamke mwenye watoto wanne na ulimi wenye kovu anahitaji mzee wa mbali amwambie afikiri. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu nimeuandika kwa mkono wangu, uko kwenye barua ninazowaletea pamoja na hii. Wa kwenu mmeufanya sheria.

Mie nikikosea, nimekosea kwa mtu mmoja. Ninyi mnapiga kengele yenu mbovu, jimbo zima linainuka kwenda shambani.

Tarehe 24 binti yangu alikuwa ndani ya chumba na daktari na dawa. Mngemwacha amalize siku ile, saa yangu mbovu ingemkuta nyumbani amelala, na Bruno angekuja na viatu vyake, wangecheka, wangenitania mpaka kaburini. Ningekubali. Sasa anangoja habari ya figo. Mumewe hana kazi. Ni nini mlichompa katika zile saa sabini na mbili? Nionyesheni kitu kimoja alichokijua Ijumaa asichokijua Jumanne.

Msinijibu kwamba faili yangu inasubiri. Jibu hilo nimelila miaka kumi na tisa.

Mkitaka mashahidi, wapo. Bruno ana barua yangu yenye mstari chini ya tisa, hakuitupa. Abigail Apondi wa Lidcombe atawaambia nilivyokuwa, na hatanihurumia. Ketsia amezipiga picha barua zote kwa mpangilio, na simu yake imeandika saa za kila moja, saa zenu, si zangu. Na mkiona hao ni watu wa upande wangu, muulizeni Falone, binti wa Léocadie, miaka minne, raia wenu, aliyezaliwa kwenu. Hajui kusoma saa ya kwetu wala ya kwenu. Lakini alisimama mlangoni na mkoba mgongoni tangu saa moja ya asubuhi mpaka saa nane, akimuuliza mama yake kila gari lilipopita. Yeye atawaambia ni muda gani.

Mushagalusa